Iko Vizuri, Ila Kuna Kitu: Kutafuta Kasoro za Uigizaji Kwenye Animesheni ya Wahusika

Onyesha watu shoti yako ya kwanza (kipande cha filamu kisichokatwa) yenye mhusika anayeongea, na jibu utakalopata mara nyingi ni hili: "Iko vizuri, ila kuna kitu." Kitu gani? Msemaji mwenyewe hajui akiiteje. Basi unarudi kwenye kompyuta, unafungua grafu inayoonyesha mwendo wa kila kiungo kama mkunjo, unalainisha mkunjo mmoja baada ya mwingine mpaka alfajiri. Kesho yake jibu ni lile lile.

Nimekesha hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kasoro niliyokuwa naiwinda kwenye mikunjo haikuwamo humo. Ilikuwa kwenye swali nililoliruka kabla sijaweka pozi (mkao) la kwanza: huyu anataka nini kwa huyo anayeongea naye? Kasoro nyingi zinazoonekana kama za mwendo chanzo chake ni uigizaji. Nyingine, kusema kweli, ni za mwendo tu na hazihitaji falsafa. Kazi ya kwanza ni kuzitenganisha.

Pima kabla ya kutibu

Zima sauti. Kisha ondoa ulainisho wote ili pozi liruke hadi pozi linalofuata bila fremu za katikati, yaani picha moja moja zinazojaza nafasi kati ya pozi. Maya, Blender na programu nyingine za animesheni zinaruhusu jambo hilo kwa mibofyo michache. Anayechora kwa mkono abaki na michoro mikuu tu. Mwite mtu ambaye hajaiona kazi, na usimuulize "unaonaje?" Muulize mambo mawili: huyu anataka nini, na ni wapi alipobadili mawazo.

Akijibu sawasawa, uigizaji umesimama. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya kuelea hapo chini, maana tatizo lako ni la muda na mikunjo. Akibaki kukodoa macho, au akikusimulia hadithi nyingine kabisa, usiguse grafu. Hakuna mkunjo utakaoleta maana ambayo pozi zenyewe hazina.

Dalili: mikono haitulii

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tuseme mama anafuta meza, mwanawe yuko mlangoni na begi begani. Mama anasema: "Nenda tu, mimi niko sawa." Ni sekunde tatu, yaani fremu 72 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Anayeanza atafanya hivi: kwenye "nenda" mkono unaonyesha mlango, kwenye "mimi" kiganja kinagusa kifua, kwenye "sawa" dole gumba linapanda juu. Kila ishara inasomeka vizuri, na hakuna hata moja yenye faida, kwa sababu zote zinarudia kile ambacho sikio limeshasikia. Ungeweza kuzima picha na mtazamaji asikose chochote.

Chanzo ni kwamba umeigiza maneno, hukumwigiza anayeyasema. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Kirusi ambaye mafunzo ya uigizaji ya leo yanamdai mengi, aliwataka waigizaji wake wajue katika kila tukio mhusika anataka nini na kinachomzuia ni nini. Muulize huyu mama. Anataka mtoto abaki. Kinachomzuia? Hataki mtoto ajue kwamba anataka abaki. Sasa tuna kitu cha kuigiza, na hakimo kwenye maneno.

Shoti inageuka hivi. Fremu ya 1 hadi 20, mama anafuta meza, na "nenda tu" anaiambia meza. Fremu ya 21 mkono unasimama; kitambaa kiko chini ya kiganja, vidole vimekibana kidogo. Fremu ya 24 macho yanapanda hadi kwa mwanawe, na "mimi" inatoka hapo. Anamwangalia mpaka kama fremu ya 45. Kisha macho yanarudi mezani, "niko sawa" inasemwa huku mkono umeanza tena kufuta, haraka kuliko mwanzo, pale pale palipokwisha kutakata. Ishara tatu zimeondoka. Zimebaki pozi mbili na nusu, na kila badiliko limekaa pale wazo linapobadilika, si pale neno linapobadilika.

Dawa ya haraka ukiwa mezani: kalia mikono yako. Sema mstari wote mara tano au sita huku mikono iko chini ya mapaja. Kama mstari unasemeka bila mikono, mhusika hana haja nayo. Kama kuna mahali mkono unataka kuchomoka wenyewe, hapo ndipo pa kuweka ishara, na hapo tu.

Kuna ndugu wa dalili hii: mikono yote miwili inapanda pamoja, inashuka pamoja, kama mtu anayeongoza ndege itue. Hilo mara nyingi linatokana na kunakili upande wa kushoto kwenda kulia ili kuokoa muda. Kuchelewesha mkono mmoja kwa fremu mbili tatu kunapunguza aibu, lakini dawa hasa ni kuupa mkono mmoja kazi nyingine: kushika kitu, kuegemea, kujificha mfukoni.

Na ukishaitoa mikono, usiigandishe. Mhusika aliyechorwa kwa mkono anaweza kushikiliwa bila kusogea kwa muda na jicho likamsamehe, ila mhusika wa 3D akisimama kabisa hata kwa fremu nane anaonekana kama programu imekwama. Mpe pumzi, uzito unaohamia polepole mguu mmoja, kichwa kinachoshuka nukta chache. Kidogo kiasi kwamba mtazamaji asijue kwa nini mhusika yuko hai.

Dalili: macho yamekufa

Ukiambiwa mhusika ana macho ya samaki, angalia kwanza kama mboni zinateleza. Jicho la mtu halitelezi kutoka kitu hadi kitu, isipokuwa linapofuata kitu kinachosogea. Linaruka, linatua, linaruka tena. Mruko wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, fremu moja hadi tatu. Ukiiacha kompyuta ilainishe mboni kwa fremu kumi na mbili, umempa mhusika macho ya kamera ya ulinzi.

La pili ni mpangilio. Mtu akishtuliwa na wazo au sauti, kwa kawaida macho hutangulia, kichwa kikafuata, kifua kikaja baadaye. Mhusika anayegeuka vyote kwa pamoja anaonekana amegeuzwa. Ukipindua mpangilio huo kwa makusudi, kichwa kwanza na macho yakabaki nyuma, umepata kitu kingine chenye manufaa: mtu anayeondoka lakini hataki kuacha kutazama. Yule mama yetu angeweza kuitumia hiyo.

La tatu ni kupepesa. Usipande mipepeso kila baada ya sekunde mbili kama unapanda mahindi. Mtu hupepesa anapogeuza kichwa, anapomaliza wazo, anapokwepa kitu. Mpepeso wa kawaida huchukua kama fremu sita hadi nane: mbili za kufunga, moja au mbili za kufumba, zilizobaki za kufungua, maana kope hufunguka polepole kuliko zinavyofunga. Mtu anayedanganya kwa kujiamini anaweza asipepese kabisa, na ukosefu huo nao ni uigizaji.

Mwisho, tazama kope ya juu imekaa wapi. Mtu akiwa ametulia, kope hufunika kipande kidogo cha juu cha duara lenye rangi. Rigi nyingi (miili ya kidijitali ya wahusika yenye vidhibiti vya kuwasogeza) hufunguliwa zikiwa na macho wazi zaidi ya hapo, weupe ukionekana pande zote, na anayeanza haigusi kope. Matokeo yake mhusika anauliza saa ngapi huku amejaa hofu. Nimeona shoti zikipona kwa kushusha kope mbili tu, hakuna kingine.

Dalili: uso unafanya kazi kuliko hadithi

Nyusi juu, nyusi chini, tabasamu, mshangao, yote ndani ya sentensi moja. Hapa chanzo ni hofu: unaogopa mtazamaji hataelewa, kwa hiyo unamtafunia.

Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti, alifanya jaribio ambalo mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin alilisimulia. Walichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote, wakaiunganisha na sahani ya supu, kisha maiti ya mwanamke kwenye jeneza, kisha mtoto anayecheza. Watazamaji, kwa mujibu wa Pudovkin, walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoitafakari supu, alivyohuzunika na alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa ule ule. Hisia waliileta wao.

Kwa hiyo jaribu kufuta nusu ya pozi za uso na uone kama kuna aliyegundua. Mara nyingi hakuna. Zile zitakazobaki, zivunje ulinganifu: nyusi moja juu kidogo kuliko nyingine, kona moja ya mdomo itangulie. Na kama tabasamu linaonekana la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, shavu halijapanda. Daktari wa Kifaransa Guillaume Duchenne alilieleza hilo mwaka 1862: tabasamu la furaha huvuta pia msuli unaozunguka jicho, si mdomo peke yake. Pandisha shavu, sukuma kope ya chini juu kidogo, macho yasinyae. Ukitaka mhusika anayejilazimisha kutabasamu, liache jicho lilivyo. Kasoro imekuwa chombo.

Dalili: midomo inaendana na sauti, lakini haongei

Chati nyingi za maumbo ya mdomo zinazozunguka mtandaoni zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Ukizitumia kwa mstari wa Kiswahili unajikuta unatafuta umbo la kila herufi, na mdomo unapayuka. Kiswahili kimekurahisishia kazi: irabu ni tano, na kwa maneno yetu ya asili karibu kila silabi huishia kwenye irabu. Anza na hizo tano. Ongeza mdomo uliofumba kwa *m*, *b* na *p*, meno juu ya mdomo wa chini kwa *f* na *v*, midomo iliyobinuka kwa *w*. Ulimi ujitokeze kwa *th* na *dh* pale shoti ilipo karibu. Mengine mengi yatapita bila kudai umbo lake.

Kosa linalouma zaidi ni kufumba kunakokosekana. "Mimi" inafumba midomo mara mbili. Ukiiacha nusu wazi, jicho linakukamata hata kama sikio halijui kwa nini. Acha midomo ifumbe walau fremu mbili, hata ikibidi kuiba fremu moja kutoka kwenye irabu iliyotangulia. Umbo la mdomo likitangulia sauti kwa fremu moja au mbili huonekana sawa. Likichelewa, haliwezi kusamehewa.

Mkazo nao una mahali pake: silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "sawa", taya lifunguke zaidi kwenye *sa*, kisha *wa* iwe nyepesi. Ukifungua taya sawasawa kwa kila silabi, mhusika anatafuna, haongei. Mimi huanza na taya peke yake, juu na chini kwa mkazo wa sentensi nzima, kabla sijagusa midomo. Taya likisomeka, midomo ni mapambo.

Kama vyote hivyo viko sawa na bado haongei, acha mdomo. Angalia kifua: je, alivuta pumzi kabla ya kusema?

Dalili: anaelea

Hii ndiyo ya kiufundi, na hapa sina hadithi ndefu. Kompyuta ikiachiwa hulainisha kila fremu kuu (ile uliyowekea pozi mwenyewe) kwa namna moja: kila kiungo kinaanza taratibu, kinaishia taratibu, vyote kwa wakati mmoja. Mwili hauendi hivyo. Mtu akiinuka kwenye kiti, kiwiliwili huinama mbele kwanza ili uzito uje juu ya miguu, nyonga ndiyo inaachia kiti, kichwa na mikono vinafuata kwa kuchelewa. Zisogeze fremu za kila kiungo zisianguke kwenye mstari mmoja.

Kwa kuruka na kuanguka, tumia hesabu. Kitu kinachoachiwa huanguka kama mita 1.2 katika nusu sekunde, yaani fremu 12, na robo tu ya umbali huo hupita katika fremu sita za kwanza. Pima mhusika wako dhidi ya hesabu hiyo. Kama anachukua fremu 20 kuanguka kutoka urefu wa meza, si ajabu anaonekana puto.

Ila kuna kuelea kusikotibika kwa hesabu: mhusika anaingia kila pozi kwa kasi moja kwa sababu hujaamua lipi ni zito kwake. Wazo la ghafla huingia kwa fremu tatu nne. Wazo lisilotakiwa huingia kwa kujikokota. Hapo tumerudi kwenye uigizaji.

Dalili: nilijirekodi, nikafuata kila fremu, na bado hamna kitu

Kufuata picha za mtu halisi si uvivu wala si jambo jipya. Max Fleischer alipewa hataza ya rotoskopu, mashine ya kuchora juu ya filamu fremu kwa fremu, mwaka 1917. Tatizo ni kile kilichorekodiwa.

Ukitazama rekodi yako ya kwanza kwa uaminifu, utamwona nani? Mimi nilimwona animeta aliyesimama mbele ya simu, akijua simu inamtazama, akiharakisha kumaliza kabla mtu hajaingia chumbani. Nikamnakili mtu huyo kwa siku nne, na mhusika wangu, ambaye alipaswa kuwa mlinzi mzee aliyechoka, akatoka kijana mwenye aibu. Mkuu wangu wa kazi aliiona mara moja akauliza: "Huyu mlinzi anamwogopa nani?"

Siku hizi napiga mara kumi na tano au zaidi, na tano za mwanzo nazitupa bila kuzitazama. Naweka kamera pale ilipo kamera ya shoti, si mbele ya pua. Najipa kazi ya mkono ya kweli: kufunga kamba ya kiatu, kutafuta ufunguo. Akili ikishughulika na kamba, inaacha kuigiza. Halafu nikichagua, sinakili. Naandika tu: wapi uzito ulihama, wapi macho yaliruka, wapi nilisita. Kisha naifunga video na kulisukuma pozi mbele kuliko mwili wangu ulivyoweza kwenda. Mgongo ulioinama kidogo kwenye video unahitaji kuinama zaidi kwenye mhusika ili usomeke vile vile.

Kama huwezi kuigiza kabisa, na wapo wengi wenye haya kuliko mimi, mpe mtu mwingine mstari na hali, usimwonyeshe namna ya kufanya. Kumwonyesha ni kujirekodi mwenyewe kwa mwili wa kuazima.

Dalili: wahusika wangu wote ni mtu mmoja

Mzee, mtoto, jambazi, wote wananyanyua kikombe sawa. Mtu huyo mmoja ni wewe, na tabia zako zimepenya kwa sababu hukuweka nyingine mahali pake.

Mwalimu wa dansi Rudolf Laban (1879–1958) aliacha njia nyepesi ya kujitoa. Uliza mambo matatu kuhusu tendo: ni la nguvu au jepesi? La ghafla au la kudumu? Linaenda moja kwa moja au linazunguka? Majibu yanazaa matendo manane. Nguvu, ghafla, moja kwa moja: kupiga ngumi. Nguvu, la kudumu, moja kwa moja: kusukuma. Jepesi, la kudumu, la kuzunguka: kuelea, safari hii kwa makusudi. Mpe kila mhusika tendo lake moja, kisha anyanyue kikombe kwa tendo hilo. Jambazi anayenyanyua kikombe kwa wepesi, taratibu, moja kwa moja anatisha kuliko yule anayekipiga mezani.

Usiishie kwa umri. "Mzee" si tabia. Mgongo uliopinda na mkono unaotetemeka ni vazi la mzee tu. Uliza mzee huyu anaficha nini kuhusu mgongo wake.

Dalili: wawili wanazungumza lakini kila mmoja yuko peke yake

Chanzo karibu siku zote ni kimoja: ulimfanyia kazi anayeongea, ukamwacha anayesikiliza akipumua na kupepesa mpaka zamu yake ifike. Halafu neno la mwisho likiisha, anajibu papo hapo kama aliyekuwa amesoma mswada.

Igiza shoti nzima upya ukiwa msikilizaji. Tafuta neno ambalo kwalo tayari ameshaelewa. Mara chache ni neno la mwisho. Kwenye mfano wetu, mwana aliyeko mlangoni anaelewa kitambaa kinaposimama, fremu ya 21, kabla "mimi" haijasemwa. Basi begi lake liteleze kidogo begani kama fremu ya 26 au ya 27, mkono uliokuwa kwenye kitasa ulegee, na mama asilione hilo kwa sababu macho yake yanapanda usoni kwa mwanawe, si mkononi. Na mama anapoanza tena kufuta meza, usimwambie mwana afanye chochote mpaka shoti ikatike.